Thabeet: Urefu ulikuwepo, miaka ndiyo iliyokosekana

Ukitaja jina la Hasheem Thabeet kwenye kijiwe cha mpira wa kikapu, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kigali, utasikia kauli mbili. Mmoja atasema huyo ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwingine atacheka na kukumbusha kwamba alichaguliwa mbele ya Stephen Curry. Wote wawili wanasema kweli, lakini hakuna anayeeleza kilichotokea. Maelezo hayo yanahitajika, kwa sababu vijana wengi warefu wa ukanda wetu bado wanaaminishwa kwamba kimo peke yake ni tiketi ya Marekani.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wengi wa wapinzani wake wa baadaye walikuwa tayari na miaka mingi uwanjani. Kimo chake, mita 2.21, kilimfungulia mlango wa shule ya sekondari mjini Houston, Texas. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun.

Huko hakwenda kusindikiza wenzake. Katika msimu wake wa tatu, 2008-09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kwa mchezo, na alizuia mitupo 4.2. Ligi ya vyuo ya Big East ilimtangaza mchezaji bora wa ulinzi miaka miwili mfululizo, na mwaka 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Connecticut walifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, wakafungwa na Michigan State 82-73. Juni mwaka huo Memphis Grizzlies wakamchukua kama chaguo la pili la NBA, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu, Curry wa saba.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Februari 2010, msimu wa kwanza haujaisha, alishushwa kwenda Dakota Wizards ya ligi ya chini. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa. Mwaka 2011 akapelekwa Houston Rockets, mwaka 2012 Portland Trail Blazers, kisha akawa na Oklahoma City Thunder kwa misimu miwili. Alicheza michezo 224 ya NBA, kwa wastani wa pointi 2.2. Mwaka 2014 mlango huo ukafungwa.

Wapo wanaosema alikuwa mvivu, wapo wanaosema alipendelewa kwa sababu ya urefu. Jibu zuri zaidi limo katika kanuni za mchezo.

Katika mpira wa vyuo vya Marekani, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu chake muda wote anaotaka. Kwa mtu wa mita 2.21 hiyo ni hazina: anasimama mlangoni na kila anayeingia anakutana na mikono yake. NBA, tangu msimu wa 2001-02, inakataza jambo hilo. Mlinzi asiye karibu na mshambuliaji hawezi kukaa katika eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Lazima atoke, arudi, amfuate mtu, abadilishe uelekeo haraka. Kazi hiyo inataka miguu iliyozoezwa tangu utotoni, na mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 hajapewa muda wa kuizoeza. Tena Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyohiyo ya senta, hivyo dakika za kujifunza akiwa uwanjani zilikuwa chache.

Kuchelewa kuanza si hukumu ya maisha. Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyefariki mwaka 2024, naye alichelewa. Alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na ndoto ya kuwa daktari. Hapo alimkuta kocha John Thompson, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa senta wa Boston Celtics. Mutombo aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25, na Denver Nuggets wakampa dakika nyingi tangu msimu wa kwanza. Alimaliza na tuzo nne za mlinzi bora. Alichopata Mutombo ni mwalimu wa nafasi yake, miaka ya kukomaa chuoni na klabu iliyokuwa na nafasi wazi. Thabeet aliondoka chuoni baada ya miaka mitatu, akajifunza mbele ya macho ya dunia nzima.

Hata hivyo, hadithi yake haikuishia Marekani. Mwaka 2018 alisajiliwa na Yokohama B-Corsairs ya Japani, na baadaye akacheza Taiwan akiwa na Hsinchu Lioneers. Ligi ya Japani inafuata mchezo wa kimataifa wa FIBA, ambao hauna ile kanuni ya sekunde tatu kwa mlinzi. Pia ligi za huko zinaweka ukomo wa wachezaji wa kigeni, na klabu nyingi hutumia nafasi hizo kutafuta watu warefu, ambao ni adimu nyumbani kwao. Mlinda kikapu aliyeonekana hafai Memphis akawa na kazi Yokohama.

Hapo ndipo penye somo kwa Afrika Mashariki. NBA haina timu zaidi ya 30. Ajira nyingi za mchezo huu ziko Asia, Ulaya na sasa barani kwetu. Tangu Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, BAL, ianze mjini Kigali mwaka 2021, tumewaona Patriots wa Rwanda, City Oilers wa Uganda, Dynamo wa Burundi na Nairobi City Thunder wa Kenya wakifika huko. Klabu hizi zinacheza kwa kanuni za FIBA, zilezile zinazompa senta mrefu thamani yake.

Kwa hiyo kijana wa Arusha au Bujumbura anayewapita wenzake kwa mabega hahitaji tu wakala wa kumpigia picha na kumtafutia viza. Anahitaji kocha wa miguu akiwa na miaka 10, uwanja wenye sakafu isiyoharibu magoti, ligi ya shule inayochezwa mwaka mzima, na mtu wa kumsomea mkataba kabla hajausaini. Mashirikisho ya nchi zetu yanaweza kuanza na kimoja kati ya hivyo: mashindano ya kila mwaka ya shule za msingi yanayovuka mipaka.

Urefu tunao, hatujawahi kuukosa. Tunachowanyima vijana ni miaka mitano ya mwanzo, na miaka hiyo hakuna mkataba wa Memphis wala wa Yokohama unaoweza kuirudisha.