Jina Kubwa na Bei Ndogo

Mkulima wa Dumila, pale njia ya Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Gunia huitwa gunia moja, na hulipwa bei ya gunia moja, ilhali ndani yake mna zaidi ya kilo 100 zilizowekwa na sheria. Basi yeye ajua kwamba jina la kitu si kipimo chake. Leo twapenda kuichukua mizani yake tukapimie vitu vingine wanavyonunua watoto wetu, navyo ni vifaa vya kamera.

Katika nyumba zetu wako vijana wanaotafuta riziki ya halali kwa kupiga picha za harusi. Wakishapata kamera, huwabakia kununua betri, memori kadi, flashi, lenzi na stendi. Na hapo ndipo mzazi huombwa fedha. Kijana ataka kifaa chenye jina la kamera yake. Mzazi naye ameona dukani kinachofanana nacho kwa nusu ya bei. Je, ni nani mwenye haki?

Kwanza yatupasa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Iko bidhaa ya kampuni kubwa iliyotengeneza kamera yenyewe. Iko bidhaa ya mtengenezaji mwingine, aliyeandika jina lake mwenyewe juu yake bila kuficha. Na iko bandia, iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana, kisha ikavishwa jina la mkubwa.

Huyo wa pili hastahili kudharauliwa. Mwaka 2016 Nikon ilitoa flashi iitwayo SB-5000, na bei yake katika Marekani ilikuwa karibu dola 600. Mwaka 2019 Godox, kampuni ya Shenzhen katika China, ikatoa flashi ya V1 kwa dola 260 hivi, pamoja na betri yake ya kuchaji. Bei ya ile moja ilitosha kununua mbili za hii, na fedha ikabaki. Kadhalika Sigma ya Japani ilitoa mwaka 2012 lenzi ya milimita 35 kwa dola 900 hivi, wakati lenzi ya Canon ya namna hiyo ilikuwa zaidi ya dola 1,300; na wapimaji wengi wakaisifu ile ya bei ndogo. Bei za Kariakoo huwa nyingine, kwa sababu ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Walakini urahisi huo una gharama yake. Mara nyingi mtengenezaji wa nje hujifunza mwenyewe namna kamera inavyosemezana na kifaa. Kamera mpya itokapo, kifaa chake chaweza kukataa kufanya kazi mpaka kirekebishwe. Kwa hiyo kijana aende dukani na kamera yake, akijaribu hapo hapo kabla ya kulipa.

Tena, asiamini kila hesabu iliyoandikwa. Betri ya Canon ya LP-E6NH, iliyotoka mwaka 2020, ina 2,130 mAh. Akikuta nyingine ya umbo lile lile yenye hesabu kubwa zaidi, kwa robo ya bei, na aipime kwa idadi ya picha inazopiga.

Hatari iliyo kubwa imo katika memori kadi bandia. Huandikwa GB 64, kumbe ndani yake mna GB 8 tu, na imetengenezwa ili iidanganye kamera. Ikijaa haisemi, huendelea kupokea picha mpya huku nyingine zikipotea. Mizani yake ni hii: ijazwe yote nyumbani, kisha kila kilichowekwa kifunguliwe na kutazamwa, kabla haijapelekwa harusini.

Basi shauri letu ni jepesi. Stendi, mfuko na kifuniko cha lenzi vikiharibika, hasara ni ya fedha. Hapo nunueni cha bei ndogo bila haya. Kadi na betri vikiharibika, hasara ni ya siku ambayo hairudi. Nikaha haifungwi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha, na bibi aliyeketi mbele siku ile huenda asionekane katika picha nyingine. Hapo nunueni kwa muuzaji anayejulikana, mwenye risiti, iwe ya jina kubwa au dogo.

Na wewe muuzaji, kumbuka kuwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 hairuhusu jina la uongo juu ya bidhaa. Na kabla ya sheria hiyo, sura ya 83 ya Kurani ilikwisha kuitwa kwa jina la wapunjao. Kadi ya GB 8 iliyoandikwa 64 ni kibaba kilichopunjwa.