Chungu cha Usambara na Jina la Aliyekifinyanga

Katika Milima ya Usambara ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Binti huipokea kwa mama yake au kwa bibi yake: udongo huchimbwa na kupondwa, hukandwa kwa maji, hufinyangwa kwa mikono mitupu pasipo gurudumu, kisha chombo huanikwa hata kikauke, na mwisho huchomwa kwa moto wa wazi. Hayo kila Mshambaa ayajua, lakini chombo kifikapo katika makumbusho hayajulikani tena.

Sababu moja imo katika lugha. Neno mfinyanzi, kama majina mengine ya ngeli ya watu, halibagui mume na mke. Sababu kubwa zaidi ni desturi ya wakusanyaji. August Karasek, aliyekaa Usambara zama za utawala wa Kijerumani, aliandika habari nyingi za Washambaa, zikachapishwa tangu 1911 katika jarida la Baessler-Archiv. Zama hizo kadi ya makumbusho kwa kawaida ilitaja kabila, mahali na mkusanyaji. Aliyefanya kazi hakuulizwa jina. Methali yasema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu hata gae lake limeandikwa jina la mwingine.

Huko Marekani, Wilhelmina Cole Holladay alimtafuta Clara Peeters, mchoraji wa karne ya 17, katika vitabu vya historia ya sanaa asimwone. Makumbusho ya sanaa ya wanawake aliyoyaasisi yalifunguliwa Washington mwaka 1987. Lakini Peeters alitia sahihi picha zake. Chungu cha Usambara hakina sahihi. Jina lisipoulizwa siku ya kununuliwa, limepotea. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alijifunza kufinyanga kwa mkono huko Abuja, Nigeria, na vyombo vyake vimo katika British Museum kwa jina lake. Yeye naye hatumii gurudumu.

Basi yakijengwa makumbusho ya namna hiyo Lushoto, kadi zake hazina budi kutaja jina la mfinyanzi, pamoja na maneno yake mwenyewe. Mshambaa husema nyungu. Kiswahili kina chungu na nyungu, mzizi ukiwa mmoja, ila nyungu imebanwa zaidi katika maana ya chungu cha kujifukizia dawa. Tafsiri ya haraka itapotosha. Na maneno ya aina za udongo, ya sehemu za chombo na ya hatua za kuchoma yamo vinywani mwa wafinyanzi wazee, ilhali sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimekwisha kushika mahali pa vyungu na mitungi katika nyumba nyingi.