Je, Wajua? Ramani Moja, Mafaili Kumi

Ramani ya nyumba moja pale Majengo, Moshi, hupita mikono mingi kabla haijafika manispaa kuombewa kibali cha ujenzi. Mpima ana faili lake la kiwanja, mchoraji ana lake la vyumba, mhandisi ana lake la nondo, na mwenye steshenari anasubiri flashi achape. Kila mmoja ana kiolezo chake. Kabla hujayaunganisha, soma haya.

Je, wajua kwamba mchoro mmoja haukubali violezo viwili? Kiolezo cha AutoCAD, lile faili lenye mkia wa .dwt, hufanya kazi mara moja tu: unapoanzisha mchoro mpya. Programu hunakili leya, mitindo ya maandishi, mitindo ya vipimo na fremu ya karatasi, kisha uhusiano unakatika. Ukikirekebisha kiolezo leo, michoro ya jana haina habari. Anayetaka kuunganisha violezo viwili huchagua kimoja kiwe mwenyeji, akahamishia humo vitu vya kile kingine, kisha akahifadhi .dwt mpya.

Je, wajua kwamba unaweza kuazima vitu kwenye faili bila kulifungua? Bonyeza Ctrl+2. Dirisha la DesignCenter, lililoingia na AutoCAD 2000, huonyesha yaliyomo ndani ya mchoro wowote uliohifadhiwa: leya, bloku (vitu vilivyochorwa mara moja ili virudiwe), aina za mistari, mitindo ya vipimo. Unaburuta unachotaka na kukidondosha kwenye mchoro wako. Mipangilio ya kuchapa haimo humo; hiyo huletwa kwa amri ya PSETUPIN.

Je, wajua kwamba majina yakigongana, mwenyeji ndiye hushinda? Tuseme faili lako lina bloku iitwayo DIRISHA yenye upana wa milimita 1,200. Mwenzako anakuletea mchoro wenye DIRISHA ya milimita 1,500. Ukinakili madirisha yake na kuyabandika kwako, yote yatageuka kuwa ya 1,200. Programu haigomi. Huandika mstari mmoja tu chini ya skrini kwamba maelezo yaliyojirudia yamepuuzwa, na wengi hawausomi. Fundi atakuja kuuona ukweli siku fremu zinapoletwa. Dawa yake ni kuwapa watoto majina kamili tangu mwanzo: DIRISHA-1200, DIRISHA-1500.

Je, wajua kwamba jina linaloleta ugomvi kuliko yote ni Standard? Karibu kila mchoro una mtindo wa maandishi wenye jina hilo. Kwako Standard inaweza kuwa Arial, kwa mwenzako ikawa fonti nyingine kabisa. Maandishi yake yakiingia kwako huvaa fonti yako, na neno lililokuwa limekaa vizuri ndani ya kisanduku linamwagika nje. Kiolezo kizuri huwa na mtindo wake wenye jina lake.

Je, wajua kwamba wazo la bloku ni la zamani kuliko AutoCAD kwa karibu miaka 20? Mwaka 1963, Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad, programu aliyoitengeneza kwenye kompyuta ya TX-2 akiwa mwanafunzi wa MIT, Marekani. Ndani yake ungeweza kuchora kitu kimoja cha asili na kukirudia mara nyingi. Ukikigusa kile cha asili, nakala zote zinabadilika. AutoCAD ya kwanza ilianza kuuzwa Desemba 1982.

Je, wajua kwamba mpima na mchoraji hawatumii kipimo kimoja? Mpima huandika kwa mita, mchoraji wa nyumba kwa milimita. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kikiingizwa vivi hivi kwenye mchoro wa nyumba, kitakuwa cha milimita 20 kwa 30: kinatosha kuezekwa kwa kisanduku cha kiberiti. Amri ya UNITS ndiyo hueleza faili limechorwa kwa kipimo gani. Mafaili yote mawili yakisema ukweli, INSERT huzidisha kwa 1,000 yenyewe.

Je, wajua kwamba AutoCAD huja na violezo vya mifumo miwili ya vipimo? Kile cha acad.dwt ni cha inchi, cha acadiso.dwt ni cha milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukiona mlango wako mpya umeingia mkubwa mara 25 na ushee kuliko ukubwa wake halisi, au mdogo kwa kiasi hichohicho, usiulaumu mlango. Chunguza kiolezo.

Je, wajua kwamba kiwanja kinaweza kuhama mita 300 bila mtu kugusa bikoni? Ramani za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84. Nukta ileile ya ardhi, ukiisoma kwa mifumo hiyo miwili, hutofautiana kwa takriban mita 300. Moshi iko kanda ya 37 kusini ya UTM. Mwanza iko kanda ya 36. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha mafaili mawili ya upimaji, uliza yako mfumo gani na kanda gani. Yakikubaliana, amri ya PASTEORIG itabandika kila kitu palepale kilipotoka.

Je, wajua kwamba mshale wa kaskazini ndio huazimwa kwa uzembe zaidi? Ukiwa umegandishwa ndani ya kiolezo, utaelekea juu ya karatasi hata kama kiwanja kimekaa mshazari. Wakazi wa Majengo wana njia rahisi ya kumkagua mchoraji: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko karibu kaskazini kabisa ya mji. Mawingu yakipisha, simama kiwanjani na karatasi mkononi. Mshale ukielekea upande mmoja ilhali Kibo iko kwingine, ramani irudi.

Je, wajua kwamba msingi haunakiliki? Mwaka 2021, madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa nchini kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, na TAMISEMI hutoa ramani za mfano kwa majengo ya aina hiyo. Kuta, madirisha na paa vinaweza kufanana Mtwara na Kibosho. Ardhi haifanani. Jengo la mita 18 likifuata mteremko wa moja kwa kumi, ncha yake moja itakuwa mita 1.8 juu ya nyingine. Mchoro wa msingi lazima uchorwe upya mlimani.

Je, wajua kwamba unaweza kutazama mchoro wa mwenzako bila kuumeza? Tangu 1990, amri ya XREF huuleta kama mgeni: yeye akirekebisha faili lake, kwako nako kunabadilika unapolipakia upya. Leya zake hubeba jina la kwao, mfano MSINGI|UKUTA. Ukiamua kumfunga moja kwa moja, zitaitwa MSINGI$0$UKUTA. Ukikutana na alama hizo za dola kwenye ramani usiyoijua, basi kuna mchoro uliomezwa humo.

Je, wajua kwamba leya ya 0 haifutiki wala haibadilishwi jina? Ina kazi maalumu. Bloku iliyochorwa juu yake, rangi ikiachwa ifuate leya, hupata rangi ya leya inayowekwa. Ndiyo maana bloku za kugawana huchorwa humo.

Je, wajua kwamba faili lililoazima sana hunenepa? Leya na bloku zisizotumika hubaki ndani hata baada ya kufuta michoro yake. PURGE huzisafisha. Irudie hadi isikute kitu, kwani bloku moja ikiondoka huacha wazi nyingine zilizokuwa ndani yake.

Je, wajua kwamba karatasi ya A3 ni nusu ya A1 kila upande? Ramani ya A1 ya skeli 1:100 ikichapwa kwenye A3 inakuwa 1:200. Chumba cha mita 3 kitapimwa na rula kama cha mita 1.5. Fundi asome tarakimu, asipime karatasi.

Je, wajua kwamba faili la DWG hutaja umri wake kwa herufi sita za kwanza? Lifungue kwa Notepad: AC1015 ni la AutoCAD 2000, AC1024 ni la 2010, AC1032 ni la 2018. Kompyuta ya steshenari ikikataa kufungua ramani yako, muulize mwenye steshenari ana toleo gani, kisha hifadhi upya kwa toleo hilo kabla hujapanda bodaboda.