Barua taka: kichujio kinachosubiri kufundishwa Kiswahili

Mwenye seva yake mwenyewe ya barua pepe, awe Goma au Lubumbashi, hapokei barua za marafiki tu. Matangazo ya dawa na habari za urithi wa uongo humfikia usiku na mchana. SpamAssassin, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001, huipa kila barua alama. Kwa mpangilio wa kawaida, zikifika 5, barua huhesabiwa taka.

Ugumu uko kwenye lugha. Kanuni zake nyingi zinalenga maneno ya Kiingereza, wakati sisi tunaandikiana kwa Kifaransa na Kiswahili. Ndiyo maana sehemu inayojifunza maneno, Bayes, ina faida kubwa kwetu. Lakini haianzi kazi mpaka ionyeshwe barua taka 200 na barua nzuri 200. Ukiilisha taka peke yake (na hizo hazikosekani!), itakaa kimya.

Tena seva isiachiwe kufuta. Oda ya mteja au jibu la ombi la kazi likipotea hivyo, aliyetuma hajui, na anayengoja hajui. Taka ziwekwe kwenye folda ya pembeni, nawe uipitie kila asubuhi. Ukikuta humo barua nzuri, ipitishe kwenye amri ya sa-learn --ham, kichujio kiijue.