Karoseri ya pikapu kwa barabara za Masisi na Walikale

Kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, dereva hupata lami kwa takriban kilomita 25 hadi Sake. Baada ya hapo huanza kupanda milima ya Masisi, yenye malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi na maharagwe, kisha hupita Nyabiondo na kushuka kuelekea misitu ya Walikale. Mvua ikinyesha, udongo huteleza na malori huchimba mifereji. Gurudumu moja hupanda jiwe huku lingine likizama kwenye tope. Katika njia ya namna hiyo, karoseri iliyojengwa vibaya hupasuka kabla injini haijachoka.

Ugumu wa usafiri wa huko una historia ndefu. Kwa miaka mingi kasiteriti, mawe yenye madini ya bati, ya mgodi wa Bisie huko Walikale ilitolewa msituni migongoni mwa wapagazi hadi Njingala. Kisha ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami pale Kilambo, zikaibeba hadi Goma. Barabara iligeuzwa uwanja wa ndege kwa sababu magari yalishindwa kuupeleka mzigo mjini kwa uhakika.

Watu wa milimani nao walikwisha kubuni chombo chao cha kubebea mizigo: chukudu ya magurudumu mawili. Mafundi huichonga kwa mbao ngumu, mara nyingi za mkaratusi, na kuyavisha magurudumu yake vipande vya matairi makuukuu. Hubeba makaa, viazi, kabichi na kuni kwa mamia ya kilo, na tangu 2009 sanamu yake imesimama katikati ya Goma. Anayetaka kujenga karoseri bapa ya pikapu ana mengi ya kuchunguza kwenye chombo hicho. Ubao wake uko karibu na ardhi, uzito hukaa kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na kila kipande kinachovunjika hupata mbadala kijijini. Kanuni hizo tatu ndizo msingi wa karoseri nzuri.

Pikapu nyingi zinazofanya kazi ngumu Kivu ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, uliozinduliwa mwaka 1984. Chasi yake ni boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vipande vya kukatisha. Gari likipita penye mashimo, boriti hizo hujipinda kama nguo inayokamuliwa. Kujipinda huko si kasoro; husaidia magurudumu yote manne yaendelee kugusa ardhi. Tatizo huanza fundi anapoifunga karoseri ngumu kwa bolti zilizokazwa kotekote. Chasi inataka kujipinda, karoseri inakataa, na nguvu yote hukusanyika kwenye kona moja. Ufa huanzia hapo, kwenye karoseri au, vibaya zaidi, kwenye chasi yenyewe.

Dawa yake inajulikana. Karoseri hufungwa imara upande wa nyuma, karibu na ekseli, na mbele hushikwa na bolti zenye springi zinazoruhusu chasi iachane nayo kidogo na kurudi. Njia nyingine ni ya nguzo tatu: mbili nyuma, na moja mbele katikati yenye egemeo linalozunguka. Malori ya Unimog ya Ujerumani, maarufu kwa kupita penye mashimo, hujengewa karoseri kwa njia ya namna hiyo. Kwa vyovyote vile, fundi asilehemu chochote kwenye boriti za chasi bila maelekezo ya kiwanda, kwa kuwa moto hudhoofisha chuma. Atumie vishikizo vya bolti na matundu yaliyokwishatobolewa kiwandani.

Baada ya ufungaji, jambo la pili ni mahali pa uzito. Tuchukue pikapu ambayo ekseli zake zimeachana kwa mita 3.18, na mzigo wa kilo 600 ambao kitovu chake kiko sentimita 50 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hesabu ya wenzo inaonyesha kwamba ekseli ya nyuma hubeba kilo 694, na ya mbele hupunguziwa kilo 94. Usukani huwa mwepesi kwenye mteremko, mahali ambapo dereva anauhitaji zaidi. Mzigo huohuo ukisogezwa hadi mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele hurudishiwa uzito wake. Karoseri inayochomoza sana nyuma ina adhabu nyingine: gari linapotoka mtaroni, mkia wake hugonga ardhi.

Kuhusu vifaa, wengi huamini kwamba mbao ni nyepesi kuliko chuma. Lakini sakafu ya mita 2.4 kwa mita 1.8 ikijengwa kwa bati la chuma la milimita 2 huwa na takriban kilo 68. Kwa mbao za mkaratusi za milimita 25 hufikia kilo 86 hivi, hata zikiwa kavu. Faida ya mbao ni urahisi wa kubadilisha ubao mmoja uliooza. Alumini ni nyepesi zaidi, lakini kuilehemu kunahitaji mashine na ujuzi usiopatikana katika kila karakana.

Karoseri bapa ina thamani ya pekee pale inapobeba chumba kinachoweza kushushwa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limesaidia hospitali ya Masisi tangu 2007, na timu zake hulazimika kutumia pikipiki pale gari lisipopita. Pale linapofika, chumba chenye vitanda viwili na sanduku la kutunzia chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi kinaweza kuwa makazi na zahanati. Maji na betri viwekwe chini na mbele, kuta ziwe nyepesi, paa liwe la chini, maana miinamo ya kando ya barabara za Masisi hupindua magari yenye kimo kirefu.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, bolti zote zikazwe upya. Kisha fundi asafishe tope kwenye viungo, na amulike kwa tochi nyuma ya kabini na juu ya ekseli ya nyuma. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi ni dalili ya ufa, na gari hilo lisipakiwe tena mpaka sababu yake ijulikane.