Hatari Mbili za Maji ya Turkana

Upande wa kusini wa Turkana, mahali inapopakana na Baringo, chini ya Silali, mlima uliokuwa ukitema moto zama za kale, iko Kapedo. Na hapo Kapedo maji hutoka ardhini yakiwa moto, yakakusanyika, yakaporomoka gengeni na kuingia mto Suguta, ambao huyachukua kaskazini katika bonde la hari kali mpaka ziwa Logipi, na huko hayana njia ya kutokea tena isipokuwa kukaushwa na jua na kuacha chumvi yake nyuma. Ni maji meupe yanayong'aa, na msafiri anayeyafikia baada ya kutwa nzima ya mawe meusi hana sababu ya kuyashuku mpaka ayatie kinywani akaonja magadi. Walakini hata ulimi una mpaka wake. Katika yale ambayo maji ya bonde hili huyachukua kutoka katika miamba, mojawapo ya yenye madhara makubwa kwa siha ya binadamu ni floraidi, nayo kwa kadiri inayotosha kuharibu meno ya mtoto haina rangi, haina harufu wala haina ladha.

Nimeanza na Kapedo kwa kuwa hapo tabia ya ardhi iko wazi machoni. Lakini waulizao zaidi kuhusu jambo hili ni watu wa Lodwar na Kakuma, ambao maji yao huwajia kwa bomba, kwa kioski au kwa lori, na ambao swali lao huwa moja: je, maji haya ni salama? Swali hilo, jinsi liulizwavyo, halijibiki. Maji yana hatari za namna mbili zisizo na udugu. Moja ni ya viumbe hai, yaani vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, ambavyo hutokana na kinyesi na huweza kuua kwa siku mbili. Ya pili ni ya madini, ambayo hutokana na mwamba wenyewe, haiui haraka, bali hujikusanya mwilini mwaka baada ya mwaka. Dawa ya ile ya kwanza haifai kitu kwa hii ya pili, na mara nyingine huizidisha. Na mtu akichanganya mambo haya mawili, awe afisa au mama wa nyumbani, atajilinda upande mmoja na kujiacha wazi upande wa pili.

Kuhusu vijidudu nitasema machache, kwa sababu habari zake zinajulikana na wengi, ingawa kuzijua na kuzifuata ni mambo mawili. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kando ya laga (mto wa msimu) ya Tarach, na maji yake tangu hapo yametoka katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Kipindupindu kilipozuka humo mwezi wa Aprili 2005, wagonjwa zaidi ya 400 walihesabiwa na watu 4 wakafariki. Na watafiti waliofuatilia mkasa ule waligundua kwamba waliokuwa wakihifadhi maji ya kunywa katika vyombo vilivyofunikwa waliambukizwa kwa uchache, ilhali wale ambao choo chao kilitumiwa pamoja na kaya nyingine tatu au zaidi walikuwa hatarini zaidi. Ithibati hii inatufundisha kwamba maji huweza kutoka kisimani yakiwa hayana dosari, kisha yakachafuka katika safari yake ya mwisho: katika jerikeni lililooshwa kwa mchanga wa njiani, katika kata iliyochovywa na mkono usionawa, au katika bomba lenyewe. Na bomba lataka maelezo. Mji unaopata maji kwa zamu, saa chache leo na saa chache keshokutwa, huacha mabomba yake matupu kwa muda mrefu. Na bomba tupu lenye ufa huvuta ndani unyevu wowote ulio nje yake, hata ule utokao katika choo cha shimo cha jirani. Maji yakifunguliwa tena, ya kwanza kufika mferejini ndiyo yaliyobeba uchafu huo. Kwa hiyo ni vema kuyaacha yale ya mwanzo yaende kwenye kudeki na kufua, yakafuatiwa na ya kunywa.

Ngome yetu dhidi ya vijidudu ni klorini. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba, baada ya nusu saa tangu itiwe, ibaki miligramu 0.5 kwa kila lita, na mpaka maji yafike kwa mtumiaji isipungue 0.2. Kuipima si jambo la siri wala la gharama kubwa: mpimaji hujaza kijichupa cha kioo maji ya mferejini, akatia kidonge kidogo, akakitikisa, na iwapo klorini imo maji hugeuka rangi ya waridi hapohapo, nayo rangi hiyo hulinganishwa na kibao chenye vipimo. Maji yakibaki meupe, ngome haipo. Liko lakini jambo moja ambalo wahandisi wa nyanda za tambarare hawalihitaji sana na sisi wa Bonde la Ufa twalihitaji mno. Klorini ndani ya maji hukaa kwa sura mbili, moja kali ya kuua vijidudu na moja goigoi. Na kinachoamua ni pH, yaani kipimo cha asidi au alkali katika maji, ambayo magadi huipandisha. Penye pH ya 7, takriban robo tatu ya klorini iko katika sura ile kali, penye 8.5, kiwango ambacho si kigeni katika maji ya magadi, hubaki takriban sehemu moja tu katika kumi. Basi kipimo kile kile cha dawa kinachotosha kwa maji mengine huweza kuwa hafifu kwa maji ya kisima cha Turkana, na anayekitia bila kupima pH anafanya kazi kwa kubahatisha.

Sasa tuje kwenye floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, nayo maji yanapokaa ndani yake kwa muda mrefu huiyeyusha polepole, na yakiwa ya moto huiyeyusha upesi zaidi. Katika nchi nyingine chokaa iliyomo majini huikamata floraidi, vikaungana na kuwa jiwe, vikatuama. Lakini maji yetu aghalabu yana magadi mengi na chokaa kidogo, kwa hiyo floraidi haipati wa kuizuia. Utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 1984, uliopima zaidi ya sampuli 1,000 za maji ya chini ya ardhi nchini Kenya, ulikuta kwamba asilimia 61 zilipita miligramu 1 kwa lita, na karibu moja katika kila tano ilipita miligramu 5. Kipimo cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, na ambacho Kenya nayo inakifuata, ni miligramu 1.5.

Na hata hiyo 1.5 yataka kufikiriwa. Kipimo cha aina hii hukisia kwamba mtu mzima anakunywa lita mbili hivi kwa siku. Lodwar, ambako hari ya mchana hupita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, mtu anayefanya kazi juani hunywa maradufu ya hayo, na kinachomdhuru si kile kilichoandikwa juu ya karatasi ya maabara bali jumla ya kilichoingia tumboni. Jambo hili si geni kwa wataalamu: tangu mwaka 1957 Galagan na Vermillion, huko Marekani, walitunga hesabu ya kupunguza kiwango cha floraidi kwa kadiri ya joto la mahali. Shirika la Afya Duniani nalo lasema kwamba kila nchi izingatie hali yake ya hewa na wingi wa maji yanywewayo. Kwa rai yangu, mji wa Turkana unaoridhika na 1.5 kana kwamba uko Ulaya umejipunja.

Madhara huanzia menoni. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs mwaka 1901 akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, na ilipita miaka 30, hadi 1931, ndipo mkemia H. V. Churchill alipothibitisha kwamba sababu ni floraidi ya majini. Kucheleweshwa huko kwa ushahidi ndiko kunakonitia hofu. Meno ya ukubwani huumbwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi karibu miaka minane, na kosa lililotendeka mtoto akiwa na miaka miwili halionekani mpaka jino lenyewe lichomoze akiwa na saba, wakati ambapo hapana tena la kurudisha. Na maji yakizidi sana, kwa miaka mingi, madhara huvuka meno yakaingia mifupani: maungo hukakamaa, mgongo ukawa mgumu kuinama, na penye zaidi ya miligramu 10 mtu huweza kulemaa.

Hapa ndipo palipo lile kosa la nia njema. Mama aliyeambiwa, na akaambiwa kweli, kwamba achemshe maji, huua vijidudu vyote. Lakini mvuke huondoka peke yake na floraidi hubaki. Lita tatu zenye miligramu 2 kwa lita, zikichemka hadi zikabaki lita mbili, zina miligramu 3 kwa lita. Achemshe, naam, ila afunike sufuria, na maji yakishatokota ayaepue.

Mji wa Lodwar una bahati moja kubwa, nayo ni mto Turkwel. Mchanga na changarawe za kando ya mto huo hunyonya maji na kuyahifadhi, na visima vya mji vimechimbwa humo. Kwa kuwa maji hayo ni ya juzijuzi na hayajakaa na mwamba, kwa kawaida chumvi na floraidi yake ni kidogo kuliko ya kina kirefu. Lakini kina kifupi kinachoyaepusha na mwamba ndicho kinachoyakaribisha na vyoo, na mji umepanuka kwa kasi tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, serikali na UNESCO zilitangaza kugunduliwa kwa hazina ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi, humohumo Turkana, ikakadiriwa kuwa takriban mita za ujazo bilioni 200, na nchi nzima ikashangilia. Kisima cha majaribio kilipochimbwa baadaye, maji yakaonekana kuwa na chumvi kupita kiasi cha kunywa. Sisemi haya kwa kumsuta yeyote. Nasema kwa sababu wingi wa maji na ubora wake ni mizani mbili mbalimbali, na wa pili haujulikani mpaka maji yenyewe yapimwe. Bangladesh ililipa ghali somo hilo: watu wake waliokolewa na maradhi ya maji ya madimbwi kwa kuchimbiwa visima vya mamilioni, ndipo katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba vingi vina sumu ya aseniki. Dawa ya kwanza waliyoipata haikuwa mtambo. Walipima kisima kimoja kimoja, wakatia rangi, nyekundu kwa kibaya na kijani kwa kizuri.

Mitambo ya kutoa floraidi ipo. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru kwa miaka mingi imetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, na Tanzania ina kituo cha utafiti huo Ngurdoto, karibu na Arusha. Ni kazi ya kusifiwa, ila mkaa huo huchoka na kutaka kubadilishwa, na katika jamii zenye Waislamu wengi sharti watu wajue mapema mifupa ni ya mnyama gani. Kwa mji, njia nyepesi ni kuchanganya: sehemu moja ya maji ya kisima chenye miligramu 4 ikikutana tangini na sehemu tatu za kisima chenye 0.5, mchanganyiko huwa na 1.375. Lakini hakuna awezaye kuchanganya asichokipima.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya 35 yampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo si hisani kudai kwamba kila kioski cha Lodwar, Kakuma na Kapedo kiwe na ubao wenye mambo matatu: maji haya ni ya kisima gani, floraidi yake ni kiasi gani na ilipimwa lini, na klorini ya leo asubuhi ilikuwa ngapi. Mpaka ubao huo utundikwe, mwenye njia mbili za kupata maji aulize ipi ina floraidi kidogo, ayatenge hayo kwa kunywa na kupikia watoto walio chini ya miaka minane, na yale mengine ayaogee na kufulia. Mtoto wa umri huo hata akimaliza lita mbili kwa siku, jerikeni moja la lita 20 lamtosha zaidi ya wiki.