Je, Wajua? Rekoda Si Filimbi ya Watoto Tu

• Rekoda ina matundu saba mbele na moja nyuma, la kidole gumba. Kundi la rekoda hupangwa kama kwaya: soprano, alto, tenori na besi. Soprano ina urefu wa sentimita 32 hivi; besi iliyo kubwa kuliko zote humzidi kimo mpigaji wake.

• Henry VIII wa Uingereza alipofariki mwaka 1547, orodha ya mali yake ilikutwa na rekoda 76! Miongoni mwa waliompigia kwenye kasri ni ndugu wa ukoo wa Bassano, waliotoka Venice.

• Jacob van Eyck, mpiga kengele wa Utrecht, Uholanzi, alizaliwa kipofu. Mwaka 1649 aliongezewa mshahara kwa sharti kwamba jioni awaburudishe kwa rekoda watu waliopunga upepo kwenye uwanja wa kanisa.

• Kati ya konserto sita za Brandenburg, ambazo mtunzi Bach alizikabidhi mwaka 1721, mbili zina rekoda: ya pili na ya nne.

• Kwa nini baadaye rekoda ilisahaulika? Ukiipuliza kwa nguvu, noti hupanda na kuharibu ulinganifu. Okestra zilipokua na kutaka sauti kubwa, filimbi ya kupulizwa ubavuni ilichukua nafasi yake.

• Mwaka 1919 mfuko uliokuwa na rekoda ya kale ya mtengenezaji wa ala Arnold Dolmetsch uliachwa katika stesheni ya Waterloo, London. Badala ya kukata tamaa, aliunda zake mwenyewe, na karakana yake ikasaidia kuifufua ala hii.

• Kundi la Amsterdam Loeki Stardust Quartet lilianza mwaka 1978. Miaka mitatu baadaye lilitikisa mashindano ya muziki wa kale mjini Bruges, Ubelgiji, kwa kupiga wimbo wa Stevie Wonder kwa rekoda nne.

• Katika kazi ya Mjapani Maki Ishii ya mwaka 1975, Black Intention, mpigaji mmoja hupuliza rekoda mbili kwa wakati mmoja.

• Baadhi ya rekoda bora huchongwa kwa mpingo, mti unaoota Tanzania na Msumbiji. Uzito na ugumu wake huipa ala sauti kali na safi.

• Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vimebeba sahani iliyopakwa dhahabu yenye muziki wa dunia. Humo mna dansi ya Anthony Holborne, Mwingereza wa karne ya 16, inayopigwa kwa rekoda. Voyager 1 sasa iko nje kabisa ya himaya ya upepo wa Jua.

• Nchini Kenya, wanafunzi hujifunza muziki kwa rekoda ya soprano. Mzazi, mwanao akifanya mazoezi sebuleni, usimnyamazishe. Mtafutie wenzake watatu wapige sauti nne, kwa maana utamu wa rekoda umo katika kupiga pamoja.